Utangulizi: Rangi, Kitambaa na Kilicho Chini Yake

Kuvika ndege kitambaa na kukipaka rangi ni fani ambayo wengi hudhani ilikwisha zamani. Ndege za kitambaa zingali zinaruka Afrika Mashariki, na zinafanya kazi ngumu. Nenda uwanja wa Wilson, Nairobi, asubuhi, uangalie Piper Super Cub ikisukumwa kutoka kwenye hanga. Ukiruhusiwa, gonga bawa lake kwa ncha ya kidole: litalia kama ngoma iliyokazwa vizuri. Pale hakuna bati. Kuna boriti mbili, mbavu nyembamba za alumini, na juu yake shuka la poliesta lililonyoshwa kwa pasi, likashonwa, likapakwa. Rubani wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori Kenya anayesaka majangili, au mwenzake wa Sheldrick Wildlife Trust anayeruka kutoka Kaluku pembezoni mwa Tsavo, ameshikiliwa hewani na kitambaa.

Swali kuu la fani hii hutamkwa kwa sentensi moja. Mwenye ndege anamleta fundi kando ya bawa lililochujuka, lenye nyufa nyembamba kwenye rangi, anauliza: tupake upya, au tuvue kitambaa chote tuvike kingine? Kupaka upya ni kazi ya siku kadhaa hadi majuma machache. Kuvua na kuvika ni kazi ya miezi, na ndege haipati hata shilingi moja muda wote huo. Kwa hiyo jibu la kwanza lina mvuto mkubwa kabla uchunguzi haujaanza, na mtu anayeingia katika fani hii hana budi kujifunza kuukataa mvuto huo mpaka aone ushahidi. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: rangi haijawahi kuibeba ndege yoyote, na rangi mpya juu ya kitambaa kisichopimwa ni hatari kuliko rangi mbovu, kwa sababu mbovu angalau inamwonya anayeitazama.

Naandika haya Juja, na nadhani mahali hapa panafaa. Tuko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, karibu kabisa na ikweta, na jua la hapa halina huruma na nyuzi. Juu ya barabara kuu kuna Thika, mji uliolelewa na viwanda, ambako Thika Cloth Mills inafuma nguo. Chini kuna Ruiru, na nyuzi zake na viwanda vyake. Katikati kuna Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia, kilichoanza mwaka 1981 kwa msaada wa Japani, chenye wanafunzi wa uhandisi ambao wengi wao hawajawahi kuambiwa kwamba kipimo cha kuvuta kitambaa mpaka kikatike kinachofanywa kiwandani kwa ajili ya shuka na sare za shule ndicho kipimo kinachoamua kama ndege itaruka kesho. Fani yetu haina idara yake yenyewe popote katika nchi hii. Kipande kiko kwa wahandisi wa nguo wa Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, kipande kwa wakemia wa rangi, kipande kwa mafundi waliofunzwa East African School of Aviation pale Embakasi. Anayetaka kuijua vizuri lazima azunguke.

Historia yake hapa kwetu ni ndefu kuliko watu wanavyodhani, na ilianza kwa kushindwa. Mwishoni mwa mwaka 1914 na mwanzoni mwa 1915 Waingereza walikuwa wakiisaka manowari ya Kijerumani Königsberg, iliyojificha katika delta ya Rufiji. Ndege zao za kwanza, za mbao na kitambaa, hazikuwa zimetengenezwa kwa ajili ya hewa ya tropiki. Joto na unyevu wa pwani viliziharibu kwa kasi iliyowashangaza mafundi wao. Ilibidi ziletwe nyingine, zikaruka kutoka kisiwa cha Mafia kuielekeza mizinga, na mnamo tarehe 11 Julai 1915 manowari ile ikafikia mwisho wake. Kwa mwanafunzi wa fani yetu, somo la Rufiji ni kwamba hali ya hewa ni sehemu ya ndege. Huwezi kusoma umri wa kitambaa kwenye kitabu kilichoandikiwa nchi ya baridi.

Baada ya vita ndege zilihamia bara. Aero Club ya Afrika Mashariki iliundwa mwaka 1927, na mwaka 1929 Florence Kerr Wilson akaanzisha Wilson Airways. Uwanja wa Nairobi West walioutumia ulipewa jina lake mwaka 1962. Ndege ya kwanza ya kampuni ile ilikuwa Gipsy Moth, yenye mabawa ya mbao yaliyovikwa kitambaa. Baadaye metali ilitawala, na ndege nyingi ndogo unazoziona leo ni za alumini. Lakini kitambaa hakikuondoka, kwa sababu kina sifa ambazo metali haina: ni chepesi, hakichoki kwa mtikisiko kama bati, na kikipasuliwa na mwiba wa mgunga kwenye kiwanja cha porini, fundi mmoja mwenye mkasi, gundi na pasi anaweza kukiziba ndege irudi nyumbani. David Sheldrick, aliyekuwa msimamizi wa Tsavo Mashariki hadi 1976, alizijua Super Cub kwa sababu hiyohiyo: zinatua mahali ambapo gari lenyewe linasita.

Sasa tuingie kwenye kiini. Kitambaa cha bawa hufanya kazi gani hasa? Bawa linaporuka, hewa ya juu hulivuta kuelekea juu kuliko hewa ya chini inavyolisukuma. Mvuto huo unaupata kwanza uso wa kitambaa, ambao unaupeleka kwenye mbavu kupitia nyuzi zilizoshonwa, na mbavu zinaupeleka kwenye boriti. Ndiyo maana kitambaa hushonwa kwenye kila ubavu kwa sindano ndefu na uzi uliopakwa nta, fundo moja baada ya jingine, na nyuma ya propela mafundo yakawekwa karibu zaidi. Gundi peke yake haikuachiwa kazi hiyo. Kitambaa kikipoteza nguvu, hakiporomoki polepole ukakiona. Kinaweza kuchanika hewani kuanzia sehemu moja dhaifu na mpasuko ukakimbia na upepo.

Basi kinahitaji nguvu kiasi gani? Hapa fani yetu ina kipimo kilicho wazi, na nakipenda kwa sababu kinamwokoa fundi na maneno ya kubahatisha. Mwongozo wa AC 43.13-1B wa mamlaka ya anga ya Marekani, ambao mafundi wengi duniani huutegemea kwa ndege za aina hii, unapima nguvu ya ukanda wa kitambaa wenye upana wa inchi moja. Pamba ya daraja la juu ikiwa mpya hukatika kwa paundi 80, takriban kilo 36. Kitambaa kinahesabika bado kinafaa mpaka nguvu yake ishuke chini ya asilimia 70 ya ile ambayo ndege hiyo inaidai, yaani paundi 56, takriban kilo 25. Chini ya hapo hakuna mjadala wa rangi.

Tazama neno «ambayo ndege hiyo inaidai». Piper J-3 Cub na Super Cub zina bawa lenye ukubwa uleule, kama mita za mraba 16.6. Lakini J-3 ina uzito wa juu wa kilo 553 tu, na Super Cub yenye injini ya nguvu farasi 150 inafika kilo 794. Kila mita ya mraba ya bawa la Super Cub inabeba karibu kilo 48. Ya J-3 inabeba kama 33. Mpaka kati ya ndege zinazodai kitambaa cha daraja la juu na zile zinazoruhusiwa cha daraja la kati uko kwenye kilo 44 hivi kwa mita ya mraba, pamoja na kasi ya juu isiyozidi kilomita 257 kwa saa. J-3 iko chini ya mpaka, hivyo inaruhusiwa kitambaa cha daraja la kati chenye paundi 65 kikiwa kipya, na inaweza kushuka hadi paundi 46. Kitambaa kilekile, chenye nguvu ileile ya paundi 50, ni halali kwenye J-3 na ni cha kutupwa kwenye Super Cub iliyoegeshwa kando yake. Anayesema «kitambaa hiki bado kizuri» bila kutaja ni cha ndege gani, hajasema kitu.

Kupima kwenyewe kunafanyika hivi. Unachagua mahali pabaya kuliko pote, na kwa kawaida ni juu ya bawa au juu ya kiwiliwili, kwenye rangi ya giza, nyekundu au buluu nzito, kwa sababu rangi ya giza hunywa joto na kitambaa kilicho chini yake huzeeka mapema kuliko cha chini ya nyeupe. Unakata ukanda wa inchi moja na robo, mrefu kama kiganja. Unaondoa rangi yote kwa kiyeyusho mpaka nyuzi zibaki uchi, kisha unafumua nyuzi za kando moja moja mpaka upana uliobaki uwe inchi moja kamili. Maabara yenye mashine ya kuvuta itakupa jibu kwa namba. Ukiwa mbali na maabara, bana ukanda ncha zote mbili, utundike, ning'iniza ndoo chini yake na uongeze mchanga pole pole mpaka ndoo na mchanga vifike kilo 25.4. Ukanda ukistahimili, umepata hoja. Ukikatika, umepata jibu. Nimewaona wanafunzi wakinyamaza kabisa mchanga unapokaribia mwisho, na nadhani ndipo wanapoielewa fani hii.

Kuna kifaa cha mkononi kiitwacho Maule, chenye springi na ncha inayosukumwa kwenye kitambaa, na mafundi wengi hukitumia kwa haraka. Kinafaa kama dalili ya kwanza. Lakini kikisukumwa juu ya matabaka mazito ya rangi kinapima na rangi pia, na kiliandaliwa kwa ajili ya pamba. Msomaji atakayeishia kwenye Maule hajafika.

Jua ndilo adui mkubwa. Miali ya urujuanimno, ile isiyoonekana kwa macho, huvunja minyororo ya molekuli katika pamba na katika poliesta vilevile, na huongezeka kwa takriban asilimia 10 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Poliesta ina sifa ya kudumu miongo, na sifa hiyo ni ya kweli ikiwa imefunikwa. Ikiachwa uchi juani hupoteza sehemu kubwa ya nguvu zake ndani ya mwaka. Kinachoikinga ni tabaka lenye unga wa alumini, lile la rangi ya fedha, linalopakwa chini ya rangi ya mapambo. Nyeupe na nyekundu za juu ni za macho ya watu. Ile ya fedha ndiyo inayolinda roho ya rubani, na hakuna anayeiona ndege ikishakamilika.

Lakini inapimika kwa urahisi wa ajabu. Subiri giza liingie, au funga milango ya hanga. Pitisha taa ndani ya bawa kupitia tundu la ukaguzi, kisha utazame kutoka nje. Bawa lililofunikwa vizuri hubaki jeusi. Ukiona mwanga unapenya, hata kama rangi ya juu inang'aa, kitambaa hicho kimekuwa kikiliwa na jua tangu siku kilipopakwa. Mbinu hii haigharimu chochote, na bado kuna ndege ambazo hazijawahi kufanyiwa.

Suala la rangi lenyewe linastahili subira, kwa sababu humo ndimo makosa ya gharama huzaliwa. Ndege za zamani zilipakwa dopu, ambayo huyeyuka katika kiyeyusho chake na kukaza kitambaa cha pamba inapokauka. Iko ya naitreti, inayoshika vizuri lakini huwaka moto kwa urahisi unaotisha, na iko ya butireti, ambayo haiwaki kirahisi hivyo lakini haishiki poliesta bila msingi wa kuishikilia. Dopu ikizeeka hupoteza mafuta yanayoifanya inyumbulike, ikawa ngumu, ikapata nyufa za duara mahali ilipogongwa. Kwa hali hiyo kuna kiyeyusho cha kuihuisha: kinapuliziwa juu, dopu inalainika, nyufa zinafunga, bawa linaonekana limezaliwa upya. Ni tiba halali kabisa, na mwanafunzi aijue. Ila inatibu dopu. Nyuzi zilizo chini hazipati hata gramu moja ya nguvu.

Poliesta ilipoingia, ilikuja na mifumo yake: kitambaa, gundi, tabaka la kuziba, la fedha na la juu, vyote vimejaribiwa na kuidhinishwa pamoja. Kuchanganya gundi ya mfumo mmoja na rangi ya mwingine kwa sababu ndiyo iliyopatikana dukani ni kufanya jaribio ambalo hakuna aliyelifanya kabla yako, tena ukiwa na abiria. Hivyo kabla ya kuamua kupaka upya, lazima ujue nini kiko pale. Paka tone la kiyeyusho mahali palipofichika: mfumo wa vinili utalainika, poliyurethani haitajali. Tofauti hiyo ina uzito mkubwa huku kwetu. Poliyurethani inang'aa miaka mingi na hupendwa na wenye ndege, lakini kuiziba inapochanika ni lazima uisugue kwa msasa mpaka ufike kitambaani, na msasa ukiteleza unakata nyuzi. Vinili haing'ai hivyo, ila inayeyushwa kwa kitambaa chenye kiyeyusho na kiraka kinashika vizuri. Kwa ndege inayolala porini, mimi nachagua vinili bila kusita, na namwambia mwenye ndege anayetaka mng'ao kwamba simba hawautazami.

Poliesta hukazwa kwa pasi, na pasi hiyo hupimwa kwa kipimajoto kabla ya kugusa bawa. Hatua ni tatu: nyuzi joto 121, kisha 149, mwisho 177, ukipitia bawa zima katika kila hatua. Ukizidisha hapo kitambaa huanza kulegea, na kulegea huko hakurudi. Sura za baadaye za fani hii zina mengi juu ya mishono, tepu na mafundo. Kwa utangulizi, ushike kwamba fundi mwenye mkono mwepesi na pasi isiyopimwa anaweza kuharibu shuka la gharama kubwa kwa dakika moja.

Uzito nao huhesabiwa. Kila tabaka la rangi lililoongezwa juu ya lililopo ni kilo ambazo hazitabeba mafuta wala mtu, na zikiwa nyingi mkiani husogeza kitovu cha uzito nyuma, mahali ambapo ndege inakuwa ngumu kuitawala ikipoteza kasi. Usukani na vibawa vinavyozunguka kwenye bawaba vikiongezewa uzito nyuma ya bawaba vinaweza kuanza kutetemeka kwa kasi fulani, na mtetemo huo umewahi kuvunja ndege. Kwa hiyo ndege iliyokwisha kupakwa mara mbili juu ya rangi ya zamani, kwa kawaida, haina nafasi ya tatu.

Nimeacha mwisho sababu ambayo kwangu ni nzito kuliko zote. Kitambaa hufunika mambo. Ndani ya kiwiliwili cha Super Cub kuna mabomba ya chuma, na maji ya mvua na ya kuoshea hutiririka hadi kwenye mabomba ya chini kabisa mkiani. Yamewekewa matundu ya kutokea, na mpaka rangi asiye makini huyaziba kwa tabaka lake jipya la kupendeza. Panya hujenga kiota ndani ya bawa, na mkojo wao hula alumini. Nyigu wa tope huweka vyumba vyao popote. Ndege zenye boriti za mbao huoza pale gundi ilipoachia. Nguzo zinazoshikilia mabawa ya ndege nyingi za Piper ziliwahi kupata kutu kutoka ndani kiasi kwamba mwaka 1993 mamlaka ya Marekani ilitoa agizo la lazima la kuzikagua. Hakuna mwanga wa taa wala kifaa cha Maule kitakachokuonyesha yote hayo kitambaa kikiwa kimevishwa. Kwa poliesta inayodumu miongo hatari imekua: kitambaa cha juu ni kizima, kinapita kipimo, na chuma cha chini hakijaonwa na jicho la mtu tangu kilipofunikwa. Wazee wa pamba walilazimika kuvua kila baada ya miaka michache, na katika kuvua waliona. Sisi tumepewa kitambaa bora na tumepoteza desturi ya kutazama.

Basi hukumu yangu, ambayo utaipinga ukiwa na ushahidi, ni hii. Kama kitambaa kinazidi kiwango cha ndege yake kwa nafasi ya kutosha, bawa halipitishi mwanga, mfumo wa rangi unajulikana kwa jina, uzito una nafasi, na ndani kumekaguliwa kupitia kila tundu lililopo hadi mkiani, paka upya bila hofu; kuvua kitambaa kizima kwa ajili ya fahari ni kupoteza mali. Likikosekana moja kati ya hayo na haliwezi kupatikana, vua. Ndege ambayo hakuna anayejua ilivikwa lini, kwa kitambaa gani, naiweka katika kundi la kuvuliwa hata kama kipimo kimoja kimepita, kwa sababu kipimo kimoja ni cha mahali pamoja.

Kuvua na kuvika mabawa mapya huhesabiwa kuwa matengenezo makubwa katika kanuni za Marekani, ambako ndege hizi zilizaliwa, na hapa Kenya anayetia sahihi kazi ya namna hiyo lazima awe na leseni kutoka Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya. Msomaji wa nadharia peke yake asishike pasi bila mwenye leseni kusimama karibu.

Ombi langu kwako, utakapoianza kazi hii, ni la daftari. Andika tarehe, jina la kitambaa na la kila tabaka, idadi ya matabaka ya fedha, uzito wa ndege kabla na baada, na yote uliyoyaona ndani kabla hujafunika. Kata kipande cha kitambaa kilekile, kipake vilevile, kihifadhi gizani pamoja na daftari ili atakayekuja apate cha kulinganisha. Atakayesimama kando ya bawa hilo miaka ishirini ijayo, akiulizwa apake au avue, hatakuwa na mtu mwingine wa kumuuliza.